Vipele vya baada ya nta: kwanza hesabu siku

Mtu akitoka vipele baada ya kung'olewa nywele kwa nta, swali la kwanza analoulizwa huwa ni la usafi: alioga, taulo lilikuwa safi, saluni ilikuwaje? Ni swali la haki, lakini limewahi mno. Kabla yake lipo lingine ambalo jibu lake huamua karibu kila kinachofuata: vipele vimetoka siku ya ngapi? Vinavyoonekana jioni ya siku ileile, vinavyochomoza siku ya tatu vikiwa na usaha, na vinavyoibuka wiki ya tatu nywele zinapoanza kurudi, ni matatizo matatu yanayofanana kwa macho tu. Tiba ya moja huweza kulichochea jingine. Ngozi nyingi zinazoharibika huharibiwa na kile kinachopakwa baada ya nta, kwa haraka, na mtu aliyeshaamua kwamba kila kipele ni uchafu.

Unywele umeota ndani ya mfuko mwembamba, kinyweleo, ulioshuka milimita kadhaa chini ya ngozi, wenye mishipa yake midogo ya damu na ya fahamu na tezi yake ya mafuta. Wembe hukata kilichojitokeza juu tu. Nta, na vilevile ile halawa ya sukari, maji na limao iliyoenea Uarabuni, hung'oa unywele pamoja na shina lake, na huondoka pia na sehemu ya tabaka la juu la seli zilizokufa. Kinyweleo hubaki kitupu na kimejeruhiwa. Mwili hujibu kama unavyojibu jeraha lolote: seli za kinga humwaga histamini, mishipa ya damu hutanuka, maji huvuja kuzunguka kila tundu, na baada ya dakika au saa chache miundi au kinena hujaa vinundu vidogo vinavyowasha, kimoja kwa kila tundu, bila usaha. Kwenye ngozi nyeupe huwa vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi sana. Kinachoonekana ni uvimbe na joto, pengine na weusi kidogo, na ndiyo maana wengi hudhani wamepata mzio. Mzio wa kweli upo, hasa ule wa utomvu wa misonobari unaochanganywa katika nta nyingi za madukani, lakini wenyewe hauchagui matundu: huenea kwenye eneo zima lililopakwa, na mara nyingi huzidi siku ya pili na ya tatu badala ya kupungua. Vinundu vya kawaida vya siku ya kwanza huondoka vyenyewe ndani ya siku moja au mbili. Vinataka kitambaa kilicholowekwa maji baridi, nguo pana ya pamba, na kuachwa.

Vya pili ni vile vya usaha, vinavyojitokeza kati ya siku ya pili na mwisho wa wiki ya kwanza. Hapa bakteria wana sehemu yao, hasa stafilokokasi, ambaye karibu mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kujua. Kinyweleo kilicho wazi humpa njia. Hata hivyo usaha peke yake hauthibitishi kuwapo kwa bakteria. Usaha ni mkusanyiko wa seli nyeupe za damu, na seli hizo huitwa pia na msuguano wa suruali ya kubana, jasho lililonaswa chini ya kitambaa cha nailoni, au mafuta mazito yaliyoziba matundu kabla hayajajifunga. Mafuta ya nazi, yenye sifa zake zote nzuri, si ya kupakwa kwenye ngozi iliyong'olewa nywele asubuhi hiyohiyo. Na pale bakteria wanapohusika kweli, usafi unaotakiwa kukaguliwa kwanza ni wa mtoa huduma. Kijiti kilichogusa ngozi kikirudishwa katika chungu cha nta, kinarudi na kilichokuwa kwenye ngozi hiyo, na moto wa chungu hicho, ambao ni wa kiasi cha mtu kuuvumilia mwilini, hautoshi kuua kila kijidudu. Kijiti kimoja kwa mchovyo mmoja, kisha kinatupwa. Mteja ana haki ya kulitazama hilo na kuinuka akiona halifanyiki.

Aina ya tatu ndiyo inayowasumbua zaidi watu wa kwetu, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wiki mbili, tatu au zaidi baada ya nta, ngozi iliyokuwa imetulia huanza kuota vipele vigumu, vingine vyenye ncha nyeusi katikati, vingine vinauma kama majipu. Mwaka 1956 madaktari wa ngozi wa Marekani John Strauss na Albert Kligman waliandika kwa kina juu ya vipele vya namna hii kwenye ndevu za wanaume, na wakaonyesha kwamba chanzo chake ni unywele wenyewe: uliojikunja hutoka, hupinda, kisha huchoma ngozi na kuingia tena ndani, au hukua kiubavu usiwahi kutoka kabisa. Mwili huuona kama kitu kigeni, sawa na mwiba, na huupiga vita. Mwaka 2004 watafiti waliongeza kipande kingine: badiliko dogo katika jeni ya keratini moja inayojenga ala ya unywele huongeza uwezekano wa mtu kupata tatizo hili. Kwa hiyo mwenye nywele za kipilipili, aliyerithi kinyweleo kilichopinda, anaweza kuoga mara tatu kwa siku na bado akatoka vipele, huku jirani yake mwenye nywele za singa akitoka saluni ileile bila alama.

Nta huingiaje hapo, ikiwa unywele unang'olewa wote? Huingia kwa sababu mara nyingi haung'olewi wote. Unywele mfupi mno hauna pa kushikwa. Ukitandazwa nta ungali na milimita moja au mbili, hukatika ndani ya kinyweleo, na ncha iliyobaki huanza safari ikiwa tayari iko chini ya ngozi. Kuvuta kwenda juu badala ya kuvuta sambamba na ngozi huleta matokeo hayohayo, na vivyo hivyo kupitisha nta mara tatu au nne mahali pamoja kwa kufukuzia malaika wachache waliobaki. Urefu wa karibu nusu sentimita na ngozi iliyokazwa vizuri kwa mkono wa pili huzuia vipele vingi kuliko losheni yoyote itakayouzwa kaunta. Halawa ina faida moja ya ufundi hapa: kwa desturi hupakwa kinyume na uelekeo wa nywele na kuvutwa kufuata uelekeo wake, jambo linalopunguza kukatika. Tena huoshwa kwa maji matupu, bila mafuta ya kuisugulia.

Tukishazitenganisha siku, matunzo yanajipanga. Siku mbili za kwanza ngozi ni jeraha, nayo hutendewa kama jeraha: maji ya moto, kujifukiza, mazoezi ya kutoa jasho jingi, manukato na dawa za kwapa vyote hungoja. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kama hakuna usaha, kazi inageuka. Sasa ni kuhakikisha seli zilizokufa hazifuniki matundu ambayo nywele mpya zitapitia. Kitambaa laini na maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu kwa wiki hutosha kwa wengi. Wenye vipele vya kurudiarudia hufaidika na losheni yenye asidi ya salisiliki ya asilimia 2 au chini ya hapo, ambayo hulegeza kile kinachoziba mlango wa kinyweleo, au ya asidi ya glikoliki. Zote mbili, zikipakwa siku ileile ya nta, zitaunguza. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni siku.

Pingamizi la kwanza ni la wale wanaoapa kwa maji ya dawa ya kuulia vijidudu: wamepaka mara tu baada ya nta, na vipele vikaisha siku ya pili. Bila shaka viliisha. Vinundu vya siku ya kwanza vingeisha siku ya pili hata visingepakwa kitu, na hii ndiyo hila ya ugonjwa unaopona wenyewe, kwamba humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu. Dawa kali hukausha ngozi, ngozi iliyokauka huwa ngumu juu, na unywele mpya unakuta dari. Aliyeshinda vita vya siku ya pili anaweza kuwa anaandaa vipele vya wiki ya tatu. Ikiwa upo usaha wa kweli, sabuni yenye benzoili peroksaidi inayosuuzwa baada ya dakika chache ina hoja nzuri zaidi, kwa tahadhari kwamba huchujusha rangi ya nguo na mataulo.

Pingamizi la pili ni la wanaotetea vitu vya asili: limao, chumvi, na singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili. Limao lililomo katika halawa limepikwa pamoja na sukari ili isigande tena kuwa chenga, kisha linaoshwa. Limao bichi linalopakwa ngozini na kutoka nalo juani ni jambo jingine, kwani ndani yake mna kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua huunguza ngozi na kuacha mabaka. Singo ni nzuri, na mwenye kuibeza haijui. Kosa liko kwenye ratiba. Bi harusi hung'olewa nywele na kusuguliwa singo siku moja, kwa kuwa siku zimekwisha na wageni wameshafika. Karafuu na punje za unga hupita juu ya mamia ya matundu yaliyo wazi. Halawa itangulie, singo ifuate siku tatu au nne baadaye. Na ambaye hajawahi kufanyiwa nta maishani asianze wiki ya harusi yake.

Kisha linakuja baka. Kwenye ngozi nyeusi kila uvimbe huchochea melanini, na kipele kilichopona kwa wiki moja huacha doa la miezi. Mtu hutumbua, huchokonoa kwa sindano, doa linazidi, mwishowe anaelekezwa kwa mkorogo. Huu ndio mzunguko mbaya kuliko yote niliyoyataja. Mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali ambazo hukondesha ngozi na zenyewe husababisha vipele vya vinyweleo. Ngozi iliyokonda ikirudishwa kwenye nta, hubanduka pamoja na nywele. Hatari hiyohiyo inawahusu wanaotumia vidonge vya isotretinoini kwa chunusi, ambao kwa kawaida hushauriwa kukaa mbali na nta hadi miezi 6 ipite baada ya kumaliza dawa. Doa lenyewe hupungua kwa kuachwa na kukingwa na jua.

Wapo watakaosema jawabu rahisi ni kuacha kung'oa. Kitabibu hawajakosea: nywele za mwili hazimdhuru mtu, na mwenye kovu la keloidi au vipele visivyoisha anafanya vizuri kupumzika. Lakini mazoea haya yana mizizi ambayo daktari hana mamlaka nayo. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inaweka usiku 40 kuwa ukomo wa kuacha nywele za kwapa na za siri bila kuziondoa, na muda huo, kwa bahati, unaingiliana vyema na wiki 4 hadi 6 ambazo nywele huhitaji ili zishikike. Si lazima njia iwe nta. Mashine ya umeme inayopunguza bila kugusa ngozi haizamishi unywele wowote. Mwenye uwezo anaweza kuuliza juu ya leza, mradi iwe ile ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo hupenya chini zaidi bila kuunguza sana melanini ya juu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ndiye wa kufikiri mara mbili. Mwaka 2007 madaktari wa Australia walichapisha taarifa ya mwanamke kijana wa namna hiyo aliyefikia hatari ya kifo kwa maambukizi ya streptokokasi baada ya nta ya kinena. Kwake, na kwa yeyote mwenye homa, jipu linalokua au uvimbe wenye joto unaotambaa nje ya eneo la nta, hesabu ya siku haitumiki tena. Anakwenda hospitali siku hiyohiyo.