Rejeta ya kompyuta: Je, feni zielekee wapi?

MTU akitaja rejeta, wengi wetu hufikiria matatu iliyochemka mlimani huku utingo akihangaika kutafuta maji. Siku hizi rejeta imeingia hadi sebuleni na katika vyumba vya wanafunzi. Baadhi ya kompyuta za wanaohariri video, wanaochora ramani za majengo na wapenzi wa michezo ya kompyuta hupozwa kwa maji.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ilipoza baadhi ya kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na mnamo 2004 Apple iliuza Power Mac G5 yenye mfumo wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba leo mfumo huu huuzwa ukiwa umetiwa maji tayari, na mwanafunzi mwenye bisibisi anaweza kuufunga mwenyewe.

Hapo ndipo taabu huanzia. Wengi hudhani kwamba maji ndiyo yanayopoza. La hasha! Maji ni mchukuzi tu. Hupokea joto kutoka kwa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta. Kazi ya kuliondoa joto hilo ni ya hewa, na hewa husukumwa na feni. Feni zikipangwa ovyo, maji huzunguka yakiwa bado na joto, na fedha ulizotumia huwa zimepotea bure.

Prosesa nyingi za kisasa zikifikia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Joto likizidi hapo, kompyuta huzimika. Kwa mwanafunzi ambaye hajahifadhi kazi anayotakiwa kuiwasilisha kesho yake, hilo si jambo dogo.

Upande wa upepo

Feni ya kawaida ina pande mbili. Upande ulio wazi, unaoonyesha mapanga yake, ndio unaovuta hewa. Upande wenye vijiti vinavyoishikilia mota ndio unaopuliza. Lakini kuna feni zilizoundwa kinyume ili zipendeze machoni, kwa hivyo hakikisha kwa kipande cha karatasi nyepesi. Kikinyonywa, hewa inaingia, kikipeperushwa, inatoka.

Rejeta ya milimita 240 huchukua feni mbili za milimita 120, na ile ya 360 huchukua tatu. Kanuni ni moja: feni zote za rejeta moja zielekee upande mmoja. Ukiiacha moja iingize hewa na jirani yake itoe, hewa iliyokwisha kupata joto huweza kugeuka na kupitishwa kwenye rejeta mara ya pili.

Kusukuma au kuvuta?

Feni zaweza kukaa mbele ya rejeta zikisukuma hewa ipite, au nyuma yake zikiivuta, kama ilivyo katika magari mengi. Tofauti ya joto kati ya njia hizi mbili ni ndogo. Chagua ile ambayo nafasi ndani ya kasha inaruhusu. Kuvuta kuna faida moja: vumbi hukwama kwenye uso wa rejeta ulio wazi, nawe huweza kulifagia kwa brashi bila kufungua feni.

Kuna wanaoweka feni pande zote mbili. Hiyo husaidia zaidi rejeta ikiwa nene au feni zikizunguka polepole. Kwa rejeta nyembamba, faida ni haba ilhali idadi ya feni ni maradufu. Afadhali ununue feni chache zenye msukumo wa nguvu, kwa sababu mapezi ya rejeta yamesongamana.

Mbele au juu?

Hili ndilo swali kubwa. Ukiifunga rejeta mbele ya kasha, feni zikiingiza hewa ya chumbani, prosesa hupoa vyema. Hata hivyo, hewa hiyo huingia ndani ikiwa imepata joto, na inayoipokea ni kadi ya michoro, ile inayounda picha za skrini.

Ukiifunga juu na feni zitoe hewa nje, joto la prosesa huondoka moja kwa moja. Lakini sasa rejeta hupitisha hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya michoro.

Basi jiulize ni nani anayefanya kazi nzito. Katika michezo, mara nyingi ni kadi ya michoro. Weka rejeta juu, na feni nyingine mbele ziingize hewa safi. Ikiwa prosesa ndiyo inayotumika zaidi, weka rejeta mbele. Hakikisha pia kwamba sehemu ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu, ili mapovu ya hewa yasikusanyike ndani ya pampu na kuiharibu.

Joto la kwetu

Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko chumba. Chumba cha Mombasa kikiwa na nyuzi 32, maji hayatashuka chini ya hapo. Nairobi kuna ubaridi zaidi, lakini kwa kuwa mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile hubeba joto kidogo zaidi pwani, chumba kikiwa na joto sawa.

Jihadhari na skrubu. Iliyo ndefu kupita kiasi huweza kutoboa mrija wa rejeta, na maji yakamwagikia vifaa vya umeme. Tumia zilizokuja na rejeta yenyewe.

Ukimaliza, endesha kazi nzito kwa nusu saa, kwani maji huchelewa kupata joto. Andika nyuzi za prosesa na za chumba, kisha ubadilishe mpangilio na upime tena.

Na ikiwa kompyuta yako ni ya kuandikia insha na kusomea tu, huhitaji rejeta. Feni ya kawaida yatosha, mradi uisafishe vumbi mara kwa mara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.