Uvimbe wa Ziwa Uliorudi: Je, Akatwe Mara ya Pili?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Familia moja ya Unguja imetuuliza kuhusu binti yao aliyeolewa Moshi. Alifanyiwa opresheni ya uvimbe wa ziwa, na mwaka haujatimia umerudi palepale. Kinyama kilichopimwa kimeonesha ni filodi. Madaktari wanataka kuliondoa ziwa lote. Mumewe anasema kisu ndicho kilichouchokoza, bora asomewe ruqya tu.

Filodi ni nadra: katika vimbe 100 za ziwa haifiki 1. Nyengine si saratani, nyengine ni ya kati, nyengine ni saratani kamili, na zote huweza kurudi. Mwanzoni hufanana mno na uvimbe wa kawaida wa wasichana, hivyo mara nyingi hutolewa kama kokwa, na chembe zikabaki pembezoni. Hizo ndizo zinazoota tena. Kwa hiyo opresheni ya pili huwa pana zaidi: walau sentimita 1 ya nyama nzima kila upande, na ziwa lisipotosha huondolewa lote. Pengine huongezwa mionzi. Vidonge vya homoni, ambavyo jirani aliyeugua saratani ya kawaida atavisifu, hapa havisaidii. Ikiwa ni saratani, hupita kwenye damu kwenda mapafuni zaidi kuliko tezi za kwapani. Picha ya kifua isipuuzwe.

Ama hukumu, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Ruqya ni Sunna, isomwe nyumbani na wodini, lakini haikuwekwa badala ya kisu. Kukata kiungo kwa kuokoa nafsi kunajuzu, na mume hana haki ya kumzuia.

Wameuliza pia kuhusu KCMC, iliyopo Moshi tangu 1971, kwa kuwa ni ya kanisa. Mtume (S.A.W.) alimwajiri Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Muislamu, amuongoze njia ya Hijra, alimkabidhi roho yake na ya Abubakar. Wanaoteremka kutoka Machame na Marangu, Waislamu kwa Wakristo, hutibiwa hapo. Aombe daktari mwanamke. Akikosekana, mwanamume atazame kwa kiasi cha haja, na mahram au muuguzi wa kike awepo.

Jeraha likipona asiache kliniki, kwani mara nyingi filodi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Nauli hiyo wazee wake waanze kuichanga sasa.

Wallahu a'lam.