LUGHA SI HATI: HODI ZA GATETE NA WAJIBU WA ASKARI

Mtu aondokaye Bujumbura kwa njia ya kusini, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kuume na milima mkono wa kushoto, hufika Rumonge baada ya kilomita sabini na ushei. Hii ndiyo nchi ya michikichi. Mafuta ya mawese huuzwa kandokando ya barabara, ndagala huanikwa juani, na sokoni Kiswahili husikika sambamba na Kirundi. Gatete ni sehemu ya tarafa hiyo ya Rumonge, ambayo tangu mageuzi ya mipaka ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Burunga.

Tulikwenda Gatete kumwona mzee mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Tulikuwa na deni kwake, nalo tutalieleza mbele. Tulimkuta ameketi mlangoni pa chumba cha kupanga, chumba kimoja cha matofali mabichi na bati, katika ua wa watu wengine. Baada ya salamu alitunyoshea kidole michikichi mirefu iliyo nyuma ya ua, akasema kwamba ilipandwa na baba yake. Kila mwisho wa mwezi mzee huyu hulipa kodi ili alale katika kiwanja alichozaliwa.

JINSI MAMBO YALIVYOFIKA HAPO

Mnamo tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, ukaua raia wengi. Kisasi cha utawala wa wakati ule kilienea nchi nzima, na waliouawa huhesabiwa kwa laki. Jeshi la wakati ule lilikuwa na sehemu yake katika mauaji hayo, na hakuna faida kwa askari wa leo kulificha jambo hilo. Walionusurika walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu hadi Tanzania, wakapewa ardhi ya kulima katika makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo.

Mwaka 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi hao hiari mbili: kuomba uraia au kurejea kwao. Zaidi ya 160,000 waliomba uraia. Zaidi ya 50,000 walirejea Burundi katika miaka ya 2008 na 2009, wengi wao kupitia kituo cha Mabanda. Hapana budi kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya hao waliorejea walizaliwa Tanzania. Tuliita safari yao kurudi nyumbani, lakini kwa kijana wa Katumba ilikuwa ni kuhamia nchi ambayo hajapata kuiona.

Mashamba ya wazazi wao yalikuwa na watu. Baadhi ya watu hao walikuwa wamepewa na serikali za nyuma, na wengine walikuwa wamenunua kwa fedha zao halali. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalisema kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia pale ambapo kurudishiwa hakuwezekani. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo iliundwa mwaka 2006. Hapo mwanzo tume ilihimiza pande mbili zigawane shamba, lakini tangu mwaka 2011 ilielekea zaidi kulirudisha lote kwa mwenyewe wa asili. Muda wake ulimalizika mwaka 2022.

Kesi ya ardhi huweza kuchukua miaka, na mtu hawezi kulala ndani ya jalada la kesi. Wasiokuwa na pa kwenda kabisa walipelekwa katika vijiji vilivyoitwa Vijiji vya Amani. Wengine walijibanza kwa jamaa. Wengine, kama mzee wetu, walitafuta chumba cha kupanga.

CHUMBA HUPATIKANAJE

Pwani hii chumba hakitafutwi kwa tangazo. Hutafutwa kwa mdomo: sokoni, msikitini, kanisani, na kwenye mwalo wakati wavuvi wanaporejea asubuhi. Yupo pia dalali, ambaye wengi huku humwita komisioneri, naye hutaka ujira wake hata kama chumba kinavuja. Mwenye nyumba aghalabu hudai kodi ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Lakini hata fedha ikiwapo, swali la kwanza ni lile lile: nani anakujua?

Hapo ndipo penye ugumu. Aliyefika jana hajulikani na mtu. Humlazimu kumpata mdhamini, yaani jirani wa zamani wa baba yake, au mkuu wa kilima, au kiongozi wa dini, atakayesema kwamba mtu huyu ni wa fulani na fulani. Pasipo neno hilo mlango haufunguki. Likipatikana, jina lake huandikwa katika daftari la kaya, ambalo wengi huliita kaye, na kuanzia siku hiyo anahesabiwa miongoni mwa majirani.

Mpangaji mwenye busara hutazama pia ukuta. Ziwa lilipanda sana mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likabomoa nyumba nyingi za kandokando yake, na alama ya maji huonekana hata rangi mpya ikipakwa juu. Isitoshe, sheria ya maji ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ufukweni kuwa eneo la hifadhi. Anayekodi ndani ya mita hizo huweza kulipa kodi ya miezi sita kisha akaamriwa kuondoka. Mafuriko hayo yalipunguza vyumba na kuongeza watafutaji, nayo kodi haikushuka.

USIKU WA TOCHI

Sasa tulieleze deni letu. Miaka kumi na ushei iliyopita, tukiwa luteni mpya tuliyetoka chuoni majuzi, tulifuatana na doria ya usiku katika sehemu hizi. Tuligonga mlango mmoja. Alitoka kijana, naye alipoulizwa kwa Kirundi alijibu kwa Kiswahili safi cha Katumba. Kwa masikio yetu jibu hilo lilitosha. Tulimhesabu kuwa mgeni asiye na ruhusa. Daftari la kaya lilipofunguliwa jina lake halikuwamo, kwa kuwa alikuwa amehamia siku tatu tu nyuma.

Tuliondoka naye. Asubuhi ikadhihirika kwamba fomu yake ya kurejea nchini ilikuwa imehifadhiwa kwa baba yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Tulimwachia huru na kudhani kwamba shauri limekwisha. Halikwisha. Alipofika alikuta godoro lake liko nje. Mama mwenye nyumba hakutaka tena mpangaji anayeletewa askari usiku wa manane, na kwa muda mrefu hakuna mlango mwingine uliokubali kumfungulia. Udhamini wa jirani ulikuwa umemwingiza, na tochi yetu ilimtoa. Kijana yule hatimaye alirejea Tanzania. Baba yake ndiye mzee tuliyemkuta chini ya michikichi.

NI NANI ANAYEULIZWA?

Yatupasa kufafanua, maana wapo watakaosema kwamba askari hana budi kuuliza. Ni kweli. Pwani hii hupokea pia watu wa ng'ambo. Mwishoni mwa Januari 2018, kwa mfano, maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Fizi walivuka ziwa kwa siku chache tu. Burundi imekubali mikataba ya kimataifa ya wakimbizi, lakini iliweka sharti kwamba mkimbizi asijichagulie makazi katika eneo linalopakana na nchi yake ya asili. Ndiyo sababu wengi hupelekwa kambini mbali na ziwa. Huyo naye ana haki zake chini ya sheria ya hifadhi ya mwaka 2008, naye hushughulikiwa na ofisi inayohusika. Askari hana ruhusa ya kumtendea apendavyo.

Ama yule aliyerejea, yeye ni raia. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 2000, mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi popote alipozaliwa. Hahitaji kibali cha kupanga chumba Gatete, kama vile afisa wa Ngozi asivyohitaji kibali cha kupanga Bujumbura. Watu hawa wawili huweza kusimama mlango mmoja na kujibu kwa Kiswahili kimoja. Hawatofautishwi kwa sikio. Hutofautishwa kwa hati, kwa mkuu wa kilima, na kwa subira ya kungoja kupambazuke. Aidha Katiba ya mwaka 2018 inailinda nyumba ya mtu dhidi ya kuingiliwa kiholela, nasi twaielewa kuwa haibagui nyumba ya mwenyewe na chumba cha kukodi.

SISI NASI NI WENYE NYUMBA

Kuna jambo la pili linalotugusa. Wenzetu wengi walitumwa Somalia tangu Desemba 2007 hadi ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2024. Waliojaliwa kurejea salama, wapo waliotumia akiba yao kujenga, na leo nyumba hizo hupangishwa. Askari huyo huyo aliyeonja ugeni, aliyelala katika nchi asiyojua lugha yake, ndiye sasa anayeulizwa na mtu mwenye fungu la nguo mkononi kama chumba kipo.

Kwake tunashauri mambo matatu mepesi. Kwanza, mapatano yaandikwe na yatiwe saini mbele ya shahidi, kodi na muda vikitajwa. Pili, jina la mpangaji liandikwe katika daftari la kaya siku ile ile anapoingia. Tatu, mpangaji asitolewe nje kwa sababu ya uvumi, wala kwa sababu askari wamepita kumwuliza. Kuulizwa si kosa.

Tulipomaliza kumwomba mzee radhi alinyamaza kitambo, akamwita binti wa mwenye nyumba atuletee viti. Tukamwuliza kama ana kinyongo na familia inayomtoza kodi.

"Afande," alijibu, "hawa walinifungulia mlango wakati hakuna aliyenijua. Kesi ya shamba tunaiachia sheria. Chumba ni jambo jingine."

Kisha akatuuliza kama twaweza kumpelekea mwanawe salamu. Tuliahidi kufanya hivyo, na barua tumeipeleka. Kwenu wenzetu mnaolinda doria katika pwani hii, ombi letu ni moja: kabla hamjagonga usiku, mtafuteni kwanza mkuu wa nyumba kumi, na mwenye nyumba aelezwe kwa heshima mlichokuja kutafuta. Mlango mmoja ukifungwa kwa kosa letu, hatuna kikosi kinachoweza kuufungua tena.