Damu Katika Mkojo: Usingoje, Kapimwe

Mimi ni bwana shamba. Hutembelea mashamba ya mpunga. Siku moja niliona damu katika mkojo wangu. Sikusikia maumivu. Nikasema, "Hiki ni kichocho, nimekipata majarubani." Baada ya siku mbili damu ilikoma. Nikanyamaza. Baada ya miezi mitatu ilirudi.

Nilikwenda hospitali. Mkojo ulipimwa, mayai ya kichocho hayakuonekana. Ndipo nikapigwa picha ya ultrasaundi. Mashine hiyo hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Haiumizi. Picha ilionyesha uvimbe katika figo ya kushoto.

Niliogopa sana. Lakini daktari aliniambia kuwa si kila uvimbe wa figo ni saratani.

Kuna mfuko wa maji. Ukiwa na ukuta mwembamba na maji matupu ndani, si saratani. Watu wazima wengi wanao, wala hawajui.

Kuna uvimbe wenye mafuta. Huu kwa kawaida si saratani. Lakini ukiwa mkubwa unaweza kuvuja damu, kwa hiyo huangaliwa.

Kuna uvimbe wa nyama. Huu hutiliwa shaka.

Wangu haukuwa wa maji. Nikapelekwa kwenye mashine ya siti-skani. Hii hutumia eksirei. Huonyesha mwili vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Nilipigwa picha, kisha nikachomwa dawa kwenye mshipa, nikapigwa tena. Dawa hiyo hufuata damu. Mfuko wa maji hauinywi. Uvimbe wa nyama huinywa. Wangu uliinywa, na mafuta hayakuonekana.

Hata hivyo, picha hazimalizi shaka yote. Uvimbe mwingine hufanana na saratani, kumbe sio. Hapo madaktari huchukua kipande kwa sindano, au huutoa uvimbe, wakaupima. Mimi nilitolewa figo ile. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijaenea. Leo natembelea mashamba nikiwa na figo moja.

Ndugu msomaji, damu kukoma si kupona. Ukiiona katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda zahanati. Ukiambiwa upigwe picha, kubali. Kabla ya kuchomwa dawa, sema kama figo zako ni dhaifu, au kama kuna dawa inayokudhuru. Mama mwenye mimba naye aseme. Na uache sigara, maana huongeza hatari ya saratani ya figo.

Mkulima akiona wadudu shambani hangoji mavuno. Basi, nawe usingoje.