Siku Moja Ivuna, na Haja ya Mwongozaji

Milima ya moto imejaliwa jambo ambalo pahali pengine pengi pamenyimwa, nalo ni kwamba hujitangaza yenyewe. Msafiri ashukaye Moroni, katika kisiwa cha Ngazija, hana haja ya kuuliza Karthala uko wapi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kisiwa ni mwili wa mlima huo wenye kimo cha mita 2,361. Mawe meusi yaliyotiririka yakiwa moto na kugandia ufuoni yako mbele ya macho yake tangu asubuhi, na watu wazima wa pale wanaweza kumsimulia jinsi mwaka 2005 jivu lilivyoangukia vijiji na kuyachafua maji ya mvua yaliyowekwa akiba katika mabirika. Katika kisiwa cha namna hiyo safari ya faragha ya siku moja, yenye gari la wageni peke yao na mwongozaji wao peke yao, ni starehe njema, lakini si dharura. Hata mwongozaji akinyamaza, mlima utasema.

Ivuna haikupewa bahati hiyo. Iko katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, kwenye tambarare ya joto iliyo kusini mwa Ziwa Rukwa, na mtu asiye na habari aweza kupita katikati yake mchana kutwa asione ila nyasi, mashamba, ng'ombe na udongo uliopauka kwa chumvi. Ilhali chini ya nyayo zake mna moto uleule uliojenga milima ya Rungwe. Pembeni mwake mna masalio ya kazi iliyolisha watu kwa karne nyingi. Na juu ya ardhi hiyohiyo liliwahi kuanguka jiwe ambalo jina lake hutajwa katika maabara za Japani, Uingereza na Marekani kila yanapozungumzwa mambo ya mwanzo wa jua na sayari zake. Nashikilia, kwa sababu hiyo, kwamba Ivuna ni miongoni mwa pahali panapostahili mno safari ya mwongozaji na ratiba maalumu, kwa maana yaliyo bora pale hayaonekani mpaka yasemwe na mtu ayajuaye.

Safari ya namna hii huanza kabla ya siku yake, katika mazungumzo. Ziara za kundi hupangwa na mwenye gari, na mgeni hununua alichokikuta kimepangwa. Safari ya faragha hupangwa kama kanzu ishonwavyo na fundi, mwenye kuivaa akiwa amepimwa kwanza. Mwongozaji mwema humuuliza mgeni wake: Unataka kujua nini? Je, akili yako inavutwa na mawe, au na maisha ya watu wa kale, au na ndege wa ziwani? Una watoto, una mzee asiyeweza kutembea juani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaamuayo gari litoke saa ngapi, lisimame wapi, na nani atafutwe kijijini awe tayari. Kadhalika hapo ndipo panapotajwa bei bila haya: mafuta ya gari ni ya nani, chakula cha mchana kitapikwa na nani, mwenyeji atakayewaongoza kijijini atalipwa kiasi gani na kwa mkono wa nani. Mapatano yasiyosemwa asubuhi huwa magomvi jioni, na nimeona safari nzuri zikiharibiwa zaidi na jambo dogo la namna hiyo kuliko zilivyopata kuharibiwa na mvua.

Mgeni aghalabu hutokea Tunduma, mji wa mpakani wenye msururu wa malori yaendayo Zambia, au Vwawa, makao makuu ya mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Ratiba yenye busara humpitisha kwanza kwenye Kimondo cha Mbozi, katika kilima cha Marengi, kijijini Ndolezi, nako si kwa sababu kiko karibu na barabara kuu tu, bali kwa sababu kitamsaidia kuifahamu Ivuna baadaye. Kimondo hicho ni pande la chuma lenye urefu wa kiasi cha mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, na habari zake zikawafikia wataalamu wa nje mwaka 1930. Ndipo udongo ulipochimbwa pande zote, kikaachwa kimekaa juu ya nguzo ya udongo uleule, ambayo baadaye ilitiwa saruji. Mtoto aweza kukigusa na kuhisi ubaridi wa chuma. Hakuna moyo usioshangaa hapo.

Kutoka nyanda za Mbozi, zenye kahawa na hewa ya ubaridi, kimo chake kikizidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, njia huteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka tambarare ya Rukwa yenye kiasi cha mita 800, na katika mteremko huo joto hupanda, miti hubadilika, na nyuma ya mgongo wa msafiri ukuta wa nyanda hubaki umesimama. Hapa gari lisiende mbio. Ukuta ule ndio kurasa za kwanza za elimu ya bonde: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, na shimo kubwa likajaa mchanga, tope na ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Ziwa Rukwa hupokea mito ya Songwe na Momba na mingineyo, wala halipeleki tone popote. Jua ndilo linaloyachukua maji, na magadi hubaki. Ndiyo maana ukingo wake huenda na kurudi, miaka mingine ukifunika malisho na miaka mingine ukiyaacha makavu.

Mpasuko huo wa Rukwa hukutana na ule wa Ziwa Nyasa na ule wa Usangu katika pembe ya Mbeya, na pale zilipokutana nyufa ndipo moto wa ardhini ulipopata njia. Hapo pamesimama Rungwe, wenye mita 2,960, na Ngozi, ambao kilele chake kilianguka ndani kikaacha ziwa, na Kiejo, uliotoa mawe ya moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Ivuna haina mlima. Lakini ina chemchemi, maji yakitoka vilindini yakiwa ya moto na yenye chumvi, na ndani ya maji hayo mapovu ya gesi hupanda. Mwongozaji mjuzi humsimamisha mgeni wake hapo kwa kitambo kirefu, kwa kuwa mapovu hayo yana kisa. Miamba ya kale iliyo chini ya bonde ina urani na thori, madini ambayo kwa mamilioni ya miaka huvunjika polepole na kuzaa gesi ya heli; gesi hiyo hubaki imefungwa mwambani mpaka joto la volkeno liufungue mwamba, nayo hupanda kwa kufuata nyufa, ikichukuliwa na nitrojeni. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heli nyingi kwa njia hiyo, na tangu hapo jina la Rukwa limetajwa sana, kwa sababu heli ni adimu, na bila heli mashine kubwa za hospitali zipigazo picha za viungo vya ndani kwa nguvu ya sumaku hazipoi. Basi mgeni aliyekuja kutafuta mlima wa moto aweza kuuona hapa kwa kazi yake, ijapokuwa umbo lake liko mbali.

Chumvi ndiyo iliyowaleta watu. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna wakakuta marundo ya vigae vya vyungu na majivu, na vipimo vyao vikaonyesha kwamba kazi ya chumvi ilikuwa ikifanyika pale kati ya karne ya 13 na ya 15. Kazi yenyewe ilitaka ustadi kuliko mtu adhaniavyo. Wakati wa kiangazi jua hulivuta tope la chemchemi likauka, na chumvi hupanda juu ikafanya ukoko mweupe. Ukoko huo hukwanguliwa pamoja na udongo, ukatiwa katika chungu chenye matundu chini, kisha maji yakamiminwa polepole, yakapita, yakadondoka katika chombo kingine yakiwa yamebeba chumvi na kuuacha udongo. Maji hayo huchemshwa juu ya moto mpaka yaishe, na kinachosalia chunguni ni chumvi. Vyungu havikudumu, kwani moto na chumvi huvila, na ndiyo sababu vigae vikarundikana kiasi kile.

Napenda msomaji atie fikira zake hapa, kwa kuwa tumezoea kununua chumvi kwa sarafu chache na tumesahau heshima iliyokuwa nayo. Katika bara lililo mbali na bahari, mwenye chemchemi ya chumvi alikuwa mwenye hazina. Chumvi ilipanda kwenda nyanda za juu na kubadilishwa kwa vitu ambavyo bonde halikuwa navyo, na Uvinza upande wa magharibi ilifanya kazi iyo hiyo kwa karne nyingi zaidi. Marundo ya vigae ya Ivuna ni kiwanda, na waliokifanyia kazi walikuwa mafundi. Mgeni asiokote kigae hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hukilinda kitu kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na zaidi ya sheria, kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtu tena lolote.

Ndipo huja habari ya jiwe. Tarehe 16 Desemba 1938, wakati wa jioni, kimondo kilianguka Ivuna, nacho kilichopatikana kilikuwa gramu 705 tu. Mkono mmoja wa mtu mzima huweza kukichukua. Mgeni aliyepita Ndolezi asubuhi na kuona tani za chuma atadhani kwamba hiki ni kitu duni. Mambo ni kinyume. Vimondo vya chuma vinajulikana kwa mamia, lakini vimondo vya aina ya Ivuna vilivyopata kupatikana duniani kote havijafika hata kumi na viwili, na wenye elimu hiyo wameliita kundi lao CI, herufi ya kwanza ikiwa ya kaboni na ya pili ikiwa ya Ivuna. Jiwe lenyewe ni jeusi, laini, jepesi kuvunjika, na limejaa madini ya udongo yaliyofungia maji ndani yake. Thamani yake ni hii, kwamba ukiziacha gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, viasili vyake vimo kwa vipimo vinavyokaribia kabisa vile vya jua. Moto mkali ulioyeyusha chuma cha Mbozi haukupata kuligusa. Limebaki karibu na hali ya mavumbi yaliyofanya sayari, miaka kiasi cha milioni 4,560 iliyopita. Ndani yake zimepatikana hata asidi za amino, ambazo ni matofali ya viumbe hai.

Mwezi wa Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilirudisha duniani gramu 5.4 za mchanga kutoka katika asteroidi iitwayo Ryugu, na wataalamu walipoupima waliukuta ni wa jamaa moja na jiwe la Ivuna. Miaka mitatu baadaye Wamarekani walirudisha mchanga wa asteroidi Bennu, na Januari 2025 ikatangazwa kwamba ndani yake mna aina kadhaa za chumvi zilizobaki baada ya maji ya chumvi kukauka, huko angani, zamani kabla dunia haijatulia. Mwongozaji anayezijua habari mbili hizi, na akazisimulia akiwa amesimama juu ya udongo ambao chumvi yake pia ni mabaki ya maji yaliyokauka, amempa mgeni kitu ambacho hakuna kisiwa wala kilele kiwezacho kumpa bila maneno.

Kwa hiyo nasema safari ya Ivuna yataka waongozaji wawili. Wa kwanza ni yule mwenye leseni na gari, azijuaye njia, na aliyejisomea habari za bonde. Wa pili ni mwenyeji wa pale, ambaye ardhi hiyo ni ya wazee wake. Mgeni asiingie chemchemini kabla ya kufika kwa afisa mtendaji, na akikutana na wazee awape shikamoo yao na awasikilize mpaka wamalize, maana wao ndio wajuao chemchemi ipi ilitumika na ipi ilikatazwa. Na mwongozaji apambanue riwaya na yaliyothibitishwa na wachimbaji, ayatoe yote mawili kwa heshima, wala asiyachanganye kwa kutaka kupendeza. Hadithi iliyobuniwa usiku uliopita kwa ajili ya mgeni ni dhuluma kwa mgeni na kwa mji.

Wapo wasemao kwamba Ivuna haijawa tayari kwa wageni, kwa kuwa njia zake ni ngumu. Mimi naona ugumu huo ni hoja ya safari ndogo ya watu watatu au wanne, ambao chakula chao chaweza kupikwa na mama mmoja wa kijijini na malipo yao yakabaki kijijini siku hiyohiyo, kuliko mabasi ya watu arobaini. Wakati wa kwenda ni kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu na ukoko wa chumvi umekwisha panda. Mvua zikianza, udongo mweusi wa bonde hushika magurudumu, na hata dereva hodari atashauri safari iahirishwe. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, kofia isisahauliwe, na gari lianze kupanda ukingo kurudi Mbozi jua lingali juu.