Tiketi ya kwenda tu: safari ya kumrudisha mama Rumonge

Mara ya kwanza nilipopanda ndege sikulipa nauli. Ilikuwa mwaka 2007, tukitokea makambi ya mkoa wa Kigoma kwenda Marekani, kila mmoja wetu ameshika mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM. Nauli ile ilikuwa mkopo. Tulitia saini karatasi kabla ya kuondoka, na miezi michache baada ya kufika Louisville, jimbo la Kentucky, bili ya kwanza ikaingia kwenye sanduku la barua. Haikuwa na riba, lakini deni ni deni, na tulililipa mpaka likaisha.

Safari ya kurudi nililipa mwenyewe, Februari 2023, tiketi mbili za kwenda tu: yangu na ya mama. Tangu hapo hakuna mwezi unaopita bila ndugu aliye ng'ambo kunipigia simu na kuuliza, "Mwalimu, bei ile uliipataje?" Nimeona heri niandike mara moja.

Mama aliikimbia Rumonge mwaka 1972 akiwa msichana. Mimi nilizaliwa Uvira, vita ikatukuta huko mwaka 1996, tukavuka ziwa, nikamalizia masomo kambini Tanzania, ambako mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mwaka 2022 miguu ya mama ilianza kukataa kazi. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, usinizike kwenye barafu." Nikaanza kutafuta tiketi.

Nilidhani tiketi ya kwenda tu ni nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Sivyo. Mashirika mengi ya zamani, hasa ya Ulaya na Marekani, hupanga bei nafuu kwa anayekwenda na kurudi, na anayekwenda tu humtoza karibu sawa naye, pengine zaidi. Huona kwamba mtu wa namna hiyo ni mfanyabiashara mwenye haraka, atalipa. Mashirika yanayopitia Addis Ababa, Istanbul na nchi za Ghuba mara nyingi huhesabu kila upande peke yake. Huko ndiko anayerudi moja kwa moja aanzie kutafuta.

Kuna wanaonunua tiketi ya kwenda na kurudi kwa sababu ni rahisi zaidi, kisha nusu ya pili wakaiacha ife. Inawezekana, lakini msomaji aelewe utaratibu. Tiketi hutumika kwa mfuatano. Ukiiruka safari ya kwanza, zote zinazofuata hufutwa. Unaweza kuacha ya mwisho tu. Tena yapo mashirika ambayo masharti yao yanawapa haki ya kukudai tofauti ya bei. Na usijaribu kushuka katikati ya njia ukiwa na mabegi uliyokabidhi, maana begi hufuata karatasi iliyobandikwa, halikufuati wewe.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumwamini mtu wetu. Wakala mmoja wa mtaani alinitajia dola 1,900 kwa watu wawili hadi Bujumbura, nilipe kwa simu siku hiyo hiyo. Nikalipa. Akanitumia karatasi yenye majina yetu na alama sita za herufi na tarakimu. Nilipoziangalia kwenye intaneti, safari ilikuwapo, nikalala usingizi mzuri. Siku ya nne safari haikuwapo tena. Alikuwa ameshika nafasi tu bila kununua tiketi, na muda wa nafasi ukaisha. Wazee wa jumuiya yetu waliingilia kati, nikarudishiwa nusu. Nusu nyingine naihesabu kuwa ni karo, mimi mwalimu niliyesomeshwa na tapeli.

Zile alama sita ni nafasi, si tiketi. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Ukimlipa wakala, dai namba hiyo, kisha lipigie shirika lenyewe na uwasomee. Kwa walioko Marekani kuna kinga nyingine: ukinunua moja kwa moja kwa shirika, siku saba au zaidi kabla ya safari, una saa 24 za kuifuta au kuishikilia bei bila gharama.

Baada ya hapo aliyenisaidia ni mama mmoja wa Buyenzi anayefuata vitenge Dubai. Wafanyabiashara wa mipakani wanajua ndege kuliko sisi tuliokaa ng'ambo miaka 15. Aliniuliza maswali mawili: unasafiri lini, na lazima ushukie Bujumbura?

Kuhusu lini, alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kabla ya Krismasi kila mtu anakuja Afrika, bei inapaa. Baada ya mwaka mpya watu wale wale wanarudi ng'ambo, na ndege zinazokuja huku zina viti vitupu. Asiye na tarehe ya kurudi anaweza kwenda kinyume na umati. Mwisho wa Januari hadi Machi ni nafuu, na Oktoba pia. Katikati ya Juni hadi Agosti, wakati shule zimefungwa, ni ghali.

Kuhusu mahali pa kushukia, nilitafuta Bujumbura, Kigali, Entebbe na Dar es Salaam. Dar ilikuwa na bei ya chini kuliko zote, lakini kumpandisha mama basi zaidi ya kilomita elfu moja hadi mpakani kungekuwa ukatili. Hadi Kigali nilipata dola 870 kila mmoja. Bujumbura ilikuwa 1,240. Tena tuliondokea Chicago badala ya Louisville. Kijana wa kanisani alitupeleka kwa gari, saa tano barabarani.

Jihadharini na tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na msafiri mwenyewe. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa, hakuna wa kukufidia. Pia itabidi uingie nchi ya katikati kuchukua mabegi, na hapo utaulizwa viza. Ndugu zetu Wakongomani wanajua zaidi: kwa pasipoti ya Kongo, hata kubadilisha ndege tu katika viwanja vingi vya Ulaya kunahitaji viza ya kupita, isipokuwa uwe na karatasi kama kadi ya ukaazi ya Marekani.

Uwanjani Chicago mhudumu alitazama pasipoti yangu ya Marekani, akaniuliza tiketi ya kurudi iko wapi. Nilitoa ya Burundi, naye akaridhika. Nchi yetu inaruhusu uraia wa nchi mbili. Asiye na pasipoti ya nyumbani aifuate ubalozini mapema. Mama alikuwa na kadi ya ukaazi tu, na mwenye kadi hiyo akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaweza kuipoteza. Nilimweleza. Akasema waiweke. Kiti cha magurudumu hakilipiwi, ila kiombwe saa 48 kabla.

Mizigo: kutoka Marekani tulipewa mabegi mawili ya kilo 23 kila mtu, lakini kutoka Ulaya tiketi nyafu huweza kuwa na begi moja au hata halimo kabisa, na kulilipia uwanjani kunameza nafuu yote. Kwa anayehama moja kwa moja, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe ushuru wa vyombo vyake vya nyumbani alivyovitumia, na gari moja alilolimiliki miezi 12 huko nje. Bidhaa za kuuza hazimo. Wakaguzi wanajua kuhesabu simu 20 za mtu mmoja.

Walioko Ubelgiji waliokataliwa hifadhi, au wanaotaka kurudi kwa hiari, waulize Fedasil kabla ya kutafuta pesa, maana mpango wao na IOM hulipa tiketi.

Sisi tulishuka Kigali alfajiri, tukakodi gari hadi Kanyaru. Afisa wa upande wa Burundi alimuuliza mama anakaa siku ngapi. Mama hakulielewa swali. Alidhani anaulizwa umri. Akajibu, "Sitini na tisa." Afisa akacheka, akagonga muhuri.

Njia ile isichukuliwe kuwa ya kudumu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na waliokuwa wamenunua tiketi za Kigali wakalazimika kuzungukia Tanzania. Juzi binamu yangu aliye Dayton alinipigia akifurahia bei ya Kigali. Nimemwambia aulize habari za mpaka kwanza, na atafute pia Bujumbura ya Oktoba. Mama alinipokonya simu, akamwagiza miwani ya kusomea.