Je, Wajua? Maajabu ya Viwanja na Nyumba kwa Mwekezaji Mgeni

Ekari hupungua kwa miguu ya mpimaji!
Vijijini Tanzania, ekari moja hukadiriwa kuwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo inakaribia kutimia mpimaji akitupa hatua ya sentimita 90. Sasa mtazame dalali: kandambili mguuni, fimbo mkononi, anahesabu kwa sauti huku akikwepa visiki. Hatua yake ikiwa ya sentimita 75, kila upande unatoka mita 52 na nusu, na "ekari" yako ina mita za mraba 2,756 badala ya 4,047. Umepoteza viwanja vitatu vya mita 20 kwa 20, na mahali pa banda la kuku. Nenda na kamba ya kupimia, tafadhali!

Vyumba vinne havipo
Kenya nako, kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kama moja ya nane ya eka. Zidisha: futi za mraba 5,000. Moja ya nane halisi ni 5,445. Pengo hilo linatosha vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi, vile vile vinavyopangishwa mtaani kila mwezi.

Tanzania unanunua miaka
Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Hati hukupa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo hati ya miaka 33 iliyotolewa 1995 inafika ukingoni 2028, hata kama ukuta umepakwa rangi jana. Kabla hujauliza bei, uliza imebaki miaka mingapi.

Nyumba yangu, ardhi yako
Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mombasa kuna "nyumba bila ardhi": mtu anamiliki nyumba yake ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, anaipangisha, anaiuza, anairithisha watoto, ilhali udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hata miti hufuata mkondo huo pwani: shamba la huyu, minazi ya yule. Ukitajiwa bei nafuu ya kushangaza katika mitaa ya zamani, maswali ni mawili: nyumba ya nani, na ardhi ya nani?

Miezi miwili mitupu huzaa miaka mitatu
Chukua nyumba ya shilingi milioni 60 inayopangishwa kwa 300,000 kwa mwezi. Ikiwa na mpangaji mwaka mzima, inarudisha fedha zako kwa takriban miaka 16 na miezi minane. Ikikaa tupu miezi miwili tu kila mwaka, inahitaji miaka 20, na hapo hatujagusa bati linalovuja wala kodi ya serikali. Mpangaji mtulivu anayelipa kwa wakati ni mali, hata akiomba punguzo dogo.

Hati ya ardhi ilijifunza kwa meli
Robert Torrens alikuwa mkuu wa forodha bandarini Adelaide, Australia. Aliona meli ikibadili mwenyewe kwa kuandikwa tu kwenye daftari moja, akajiuliza kwa nini ardhi isifanyiwe hivyo. Sheria yake ilipita mwaka 1858, na mfumo huo ukaja kufika hadi Kenya. Ndiyo maana mnunuzi makini huenda kukagua daftari kwa msajili wa ardhi badala ya kutosheka na karatasi aliyoonyeshwa chini ya mwembe.

Saini moja haitoshi
Tanzania, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Muuzaji akikwambia mama watoto "amesafiri", msubiri arudi.